Barabara Ilipopata Mwenyewe

Kila asubuhi malori yaendayo Tunduma na mabasi yatokayo Dar es Salaam yalisimama kwa amri ya mwanamke mmoja asiye na cheo, asiye na sare wala mshahara. Jina lake Mwamvua, mjane wa miaka sitini na kitu, mkazi wa kitongoji cha Mihogoni, pale barabara kuu inapoiacha Mikumi na kujiachia mteremkoni. Silaha yake ilikuwa kipande cha kanga nyekundu kilichofungwa kwenye mpini wa jembe.

Aliyeipanga Mihogoni, kama yupo aliyeipanga, aliweka nyumba upande huu wa lami, na shule, zahanati na makaburi upande ule. Kwa hiyo mtu wa Mihogoni akitaka kusoma, kutibiwa au kuzikwa, sharti avuke kwanza.

Mwamvua hakuajiriwa na mtu. Miaka sita iliyopita lori lilimgonga mtoto wa jirani yake, likamvunja mguu, na dereva akajitetea kwamba hakuona kibao. Kweli hakukuwa na kibao. Kesho yake Mwamvua alikuwa anakwenda shamba, jembe begani, akawakuta watoto wamejazana ukingoni, wanaogopa kuvuka. Akavua kanga ya juu, akaifunga kwenye mpini, akaingia katikati ya lami na kupaza sauti. Shamba hakufika siku ile. Kesho yake alichelewa tena, na tangu hapo mihogo yake ikazoea kulimwa jua likishakuwa kali.

Lakini usidhani aliridhika kuwa askari wa bure. Alitaka vitu vitatu tu: matuta mawili, kivuko cha rangi nyeupe, na kibao chenye picha ya mtoto. Mwalimu Devotha wa shule ya msingi, aliyekuwa na mwandiko mzuri, alimwandikia barua, na majibu yalikuja. Nitakuwa muongo nikisema hayakuja. Yalikuja yamegongwa mihuri, yana kumbukumbu namba, yana nakala kwa watu ambao Mihogoni hakuna aliyewahi kuwaona.

Halmashauri ilijibu: husika na kichwa cha habari hapo juu, barabara tajwa ni barabara kuu, haimo katika barabara zetu, waone wenye barabara kuu. Wenye barabara kuu wakajibu: husika na kichwa cha habari hapo juu, wanaovuka ni wanafunzi wa shule ya msingi, shule za msingi ziko chini ya halmashauri, kwa hiyo halmashauri itenge fedha nasi tutatoa kibali. Halmashauri ikajibu kwamba kutumia fedha zake kwenye mali isiyo yake ni kujitafutia hoja ya mkaguzi. Watu wa hifadhi ya wanyama ndio waliojibu upesi na kwa adabu kuliko wote: Mihogoni iko nje ya mpaka wao, poleni sana.

Hilo la hifadhi lilimuuma Mwamvua zaidi, kwa sababu kule ndani ya hifadhi barabara ni hiyohiyo, lami ni hiyohiyo, lakini kuna matuta, kuna vibao, na kuna bango linalomtaja mnyama mmoja mmoja na faini ya kumgonga, kuanzia tembo mpaka nyani.

"Dawa ni rahisi, mtani," alimwambia jirani yake Shigela. "Watoto tuwavishe mikia."

Shigela alikuwa mfugaji wa Kisukuma, aliyehamia kutoka Shinyanga miaka ishirini iliyopita akiwa na ng'ombe wengi, watoto wengi, na sauti ya kumwita ng'ombe aliye kilima cha pili. Mwamvua alikuwa Msagara. Wasukuma na Wasagara ni watani, na utani, kwa asiyeujua, ni ruhusa ya kukosa adabu iliyotolewa na mababu. Shigela akipita nyumbani kwa Mwamvua na kukuta ugali umeiva, aliketi akaula bila kukaribishwa. Mwamvua akimkuta Shigela amevaa kofia mpya, aliivua na kuondoka nayo. Hakuna aliyenuna. Mtani akinuna, huyo ana lake jambo.

Mwaka uleule wa barua, watu wa barabara kuu walifika Mihogoni kwa mara ya kwanza. Mwamvua aliwaona wanashuka na ndoo ya rangi, akadhani kivuko kimekuja. Wakampita, wakaenda kwenye jiko lake la udongo, wakalichora X nyekundu ukutani. Jiko lilikuwa ndani ya eneo la barabara, wakasema, libomolewe. Mimi nayasema haya kwa hasira, maana ndivyo yalivyo: barabara hiyo ikija kubomoa ni pana, inafika mpaka kwenye mafiga. Ikiombwa kujenga inasinyaa, haifiki hata kwenye miguu ya watoto.

Jiko halikubomolewa, kwa kuwa waliochora nao walikuwa wanasubiri fedha za kubomolea. Mwamvua akaendelea kupika chini ya X yake na kuvusha watoto kila siku. Ila kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Macho yake yalikuwa yanafifia.

Shigela ndiye aliyegundua. Asubuhi moja alipita na baiskeli akiwa na madumu ya maziwa, akamkuta Mwamvua ameinua bendera, watoto wote wamesimama nyuma yake kimya.

"Mwangaluka, mtani," alimwamkia kwa Kisukuma. "Mnasubiri nini?"

"Huoni lori linakuja?"

Shigela akaangalia. Lori lilikuwepo, kweli. Lakini lilikuwa limeharibika tangu jana, limewekewa matawi mbele na nyuma, na utingo wake amelala uvunguni juu ya mkeka.

"Linakuja," Shigela alisema taratibu. "Ila mpaka lifike, hawa watoto watakuwa wameshaoa."

Watoto wakacheka, wakavuka. Walipokwisha, Shigela akaegesha baiskeli, akamwonyesha vidole.

"Vingapi hivi?"

"Vidole vyako vya Kisukuma, vimepinda vyote, nani ataka kuvihesabu?"

"Mwamvua."

Alimwita jina. Hakusema mtani. Mwamvua akajua kwamba mchezo umekwisha, akakaa kwenye jiwe.

"Mtoto wa jicho," alisema. "Yote mawili. Mganga wa zahanati anasema nikapasuliwe Morogoro, na nikirudi nisiguse vumbi wala jua mwezi mzima."

"Si uende?"

"Niende, nani asimame hapa?"

Shigela akasema atasimama yeye. Na alijaribu, Mungu anajua. Jumatatu moja alishika bendera, Mwamvua amekaa kando kumwelekeza. Shigela aliyapigia malori mluzi kama anavyowapigia ng'ombe, na malori hayakuujua mluzi huo. Basi la Mbeya ndilo lililosimama. Konda aliona mtu anapunga kwa nguvu, ana haraka, akaruka, akamvuta ndani, akafunga mlango. Shigela alishushwa Ruaha Mbuyuni akiwa na bendera mkononi, akarudi jioni kwa lifti ya lori la nyanya. Wazazi wengine walikwenda mashambani alfajiri, na Mwalimu Devotha alikuwa na watoto tisini darasani. Kwa hiyo Mwamvua akarudi kazini kwake.

Alivusha kwa masikio. Lori kubwa lililokuja na shehena alilijua kwa namna lilivyopumua kabla ya mteremko. Fuso lilikohoa. Mabasi yalikuja na muziki. Pikipiki hazikumsumbua, kila moja alijua ya nani. Mwaka mzima alivusha hivyo, na hakuna mtoto aliyekwaruzwa hata kidole, na, ukimtoa Shigela, hakuna mzazi aliyejua. Alijivunia. Na kila usiku aliogopa.

Kisha siku moja likapita gari la mkubwa fulani, jipya, la vioo vyeusi, la aina ile isiyopumua wala kukohoa. Mwamvua alisikia kimya, akasema, "Vukeni." Mwanafunzi wa mbele alikuwa ameshakanyaga lami aliposikia upepo usoni. Alipofungua macho daftari halikuwa mkononi mwake. Lilikuwa linapepea barabarani kuelekea Iringa.

Mtoto alicheka, watoto wenzake wakacheka, wakakimbilia daftari. Mwamvua alirudi nyumbani, akaingia jikoni, akaketi chini ya X na kulia. Alilia kwelikweli, mpaka Shigela, aliyekuja kuiba ugali, akakaa naye na asiguse chungu.

"Nitawaua, mtani," alisema Mwamvua. "Nikiendelea nitawaua. Nikiacha watauawa."

Shigela aliondoka bila kutania. Kwa Msukuma yule, hilo lilikuwa jambo la ajabu.

Wiki mbili baadaye Bi Sikuzani, mama mkwe wa Mwamvua, alifariki usingizini akiwa na miaka tisini na ushee. Hakuna gari lililomgonga. Alikuwa amekataa kuvuka barabara tangu alipozeeka, akisema atavuka mara moja tu, na siku hiyo atabebwa.

Msiba wa mzee kama huyo ni msiba wenye nafasi ya kicheko, na kicheko ni kazi ya watani. Shigela alifika asubuhi na mapema. Alivaa kanga ya marehemu, akaketi mlangoni, akatangaza kwamba bibi huyu alimwahidi ndoa na ng'ombe wake hawajarudishwa, kwa hiyo maiti haitoki. Waliokuwa wakilia wakacheka na machozi yao. Mzee Kondo, shemeji yake Mwamvua na mwenyekiti wa kitongoji, alifanya kama mila inavyotaka: akamlipa kuku. Shigela akampokea kuku, akainuka, na kila mtu akadhani mtani ameshamaliza.

Baada ya swala ya adhuhuri jeneza likatoka. Kwa kawaida wanawake hubaki nyumbani, lakini siku hiyo mwanamke mmoja alitangulia mbele ya wanaume wote, na sheikh hakuwa na pingamizi, maana hata yeye aliyaogopa malori. Mwamvua alisimama ukingoni, akasikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akaingia na bendera. Upande wa Mikumi likasimama lori, nyuma yake basi, nyuma yake tena lori. Upande wa Iringa vivyo hivyo. Jeneza likaingia barabarani kwa dhikri, mabega yakipokezana.

Lilipofika mstari wa katikati, Shigela akapenya mbele, akavua kandambili, akalala kifudifudi juu ya lami.

"Hapiti mtu!"

Dhikri ikakatika. Wabebaji wakasimama, jeneza likiwa begani.

"Shigela," alisema Mzee Kondo kwa sauti ya chini, "kuku umeshapewa."

"Kuku ni wa mlangoni. Hapa si mlangoni."

Mtani akizuia, huulizwa anachotaka. Hiyo ni sheria na Mzee Kondo hakuweza kuiruka. "Haya, mtani wetu. Unadai nini?"

"Matuta mawili," Shigela aliiambia lami. "Kivuko cha rangi nyeupe. Na kibao chenye picha ya mtoto."

Mwamvua aliisikia orodha yake ikitoka kinywani mwa Shigela. Hakuwa ameambiwa.

"Hayo sisi hatuna, bwana," alisema Mzee Kondo.

"Najua hamna. Siwadai nyinyi. Namdai mwenye barabara."

Hapo watu wakaanza kuguna kwa kuelewa. Kanuni ya mambo haya inajulikana hata na watoto: mtani hulipwa na mwenye mahali alipozuia. Akizuia mlangoni, hulipa mwenye nyumba. Akizuia kaburini, hulipa wenye maiti. Akizuia barabarani, basi alipe mwenye barabara. Ilibaki kumtafuta.

Diwani Rafaeli alikuwepo, maana diwani gani anakosa msiba mwaka wenye uchaguzi? Alikuwa ameshika pembe ya nyuma ya jeneza, mahali panapoonekana vizuri. Aliposikia neno "mwenye barabara" alimpisha mtu mwingine taratibu, akaanza kujifuta jasho.

"Jamani, mimi natoka halmashauri," alisema. "Barabara kuu si yetu. Tulishaandika."

Foleni ikawa inarefuka. Honi zikaanza. Askari wa usalama barabarani akafika kwa pikipiki, akamwangalia Shigela, akaliangalia jeneza, akavua kofia. Alikuwa Mzigua, na Wazigua nao wana watani wao. Alijua kumkamata mtani msibani ni kujitafutia mkosi wa ukoo mzima.

"Mimi nipo tayari kumwondoa," alisema, "ila aje mwenye barabara aniambie huyu kamzuilia nini. Siwezi kumkamata mtu kwa niaba ya asiyejulikana."

Ndipo akatokea, kwa miguu, kutoka kwenye gari lililokwama la nane katika foleni, kijana mmoja mnene mwenye kizibao cha kung'aa na kofia ngumu. Alikuwa Injinia Pastory wa barabara kuu, mwenye sahihi iliyokuwa chini ya ile barua ya pili. Mwalimu Devotha, aliyekuwa amesimama upande wa shule na watoto wake tisini, alisoma jina kwenye kizibao, akalitambua, akamsogelea Mwamvua kumnong'oneza.

"Mwenye barabara huyo hapo!" alipiga kelele Diwani, akiwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu.

"Hapana, mheshimiwa," alisema Injinia. "Lami ni yetu. Kuvusha wanafunzi ni kwenu. Tuliwaandikia."

"Na sisi tuliwajibu."

"Na sisi tukajibu majibu yenu."

"Kwa hiyo mtoto akiwa ukingoni ni wa halmashauri, akikanyaga lami ni wa taifa?"

"Sijasema hivyo. Nimesema bajeti yake ni ya halmashauri."

Walibishana hivyo pande mbili za jeneza, mmoja kulia, mmoja kushoto, wabebaji wakibadilishana mabega katikati. Abiria wa mabasi walikuwa wameshashuka, simu zote juu. Muuza karanga mmoja alifanya biashara ya wiki nzima. Sheikh akakohoa, akasema, "Waheshimiwa, maiti anasubiri," nao wakasema samahani, wakaendelea kwa sauti ya chini zaidi.

Kisha simu ya Injinia ikalia. Ilikuwa ofisini kwao Morogoro, na aliyepiga alikuwa na sauti kubwa kiasi kwamba safu ya mbele yote iliisikia. Foleni imefika hifadhini! Twiga wanapita kati ya mabasi! Nani amekufungia barabara yako?

"Mkuu, hii sehemu…"

"Nakuuliza, ni barabara yako au si yako? Kama si yako, nimtafute mwenyewe nimpe na gari ulilonalo!"

Injinia akashusha simu. Uso ulikuwa umemvimba kwa jua na fedheha. Akawageukia watu wa Mihogoni akiwa na hasira za mtu aliyefokewa mbele za watu.

"Sikilizeni!" alinguruma. "Hii barabara ni yetu! Kuanzia mstari wa katikati, mita thelathini kila upande, ni yetu! Hakuna mwananchi, hakuna halmashauri, hakuna mtani mwenye mamlaka hapa isipokuwa sisi!"

Honi zenyewe zilinyamaza. Mwamvua akapiga hatua moja kuifuata ile sauti.

"Hata hapa niliposimama, mwanangu?"

"Hata hapo, mama!"

"Hata pale wanaposimama watoto?"

"Hata pale! Hata lile jiko lenye X kule ni eneo letu!"

"Al-hamdulillahi," alisema Mwamvua, akawageukia waombolezaji. "Mwenye barabara kapatikana. Mlipeni mtani haki yake tukazike."

Kelele iliyopigwa hapo haikufaa msiba, na naamini Bi Sikuzani hakuijali. Injinia akatazama huku na huku. Alikuwa amezungukwa na simu zaidi ya mia, kila moja imemrekodi akijitwalia barabara mita thelathini kwa thelathini. Diwani Rafaeli alikuwa anapiga makofi kuliko wote.

Karatasi ikatafutwa. Mwamvua alikuwa nayo, ndani ya mfuko wa nailoni aliouficha kifuani, kwa sababu barua zile alikwenda nazo kila mahali. Alitoa ile ya pili. Nyuma ya maneno yake mwenyewe ya kukataa, Injinia Pastory akaandika kwa mkono: matuta mawili, kivuko, kibao, ndani ya miezi minne. Akaweka sahihi.

"Muhuri," alisema Shigela kutoka chini.

"Muhuri wangu uko ofisini."

Mzee Kondo akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu. Mwenyekiti wa kitongoji haachi muhuri nyumbani hata akienda kuzika. Meza haikuwepo, basi karatasi ikalazwa juu ya mgongo wa Shigela, na muhuri ukagongwa hapo kwa nguvu mpaka akaguna.

Shigela akainuka, kifua kimejaa vumbi na kokoto. Hakufanya utani tena. Alikwenda kwenye jeneza, akaomba nafasi, akaweka bega lake, na akambeba bibi wa watu mpaka kaburini huku machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

Matuta yalijengwa. Sitaki kusema yalijengwa kwa aibu, maana sijawahi kuona aibu ikijenga kitu. Yalijengwa kwa sababu video ile ilifika Dodoma kabla foleni haijafumuka, na bungeni kule mtu mmoja akauliza swali la nyongeza. Ila shani ni hii: matuta yalipokuwa hayapo hayakuwa na baba, yalipokwisha kujengwa yakawa na wawili. Halmashauri ikasema ni matunda ya ufuatiliaji wake. Wenye barabara wakasema ni mradi wao tangu mwanzo. Waligombania uzinduzi wiki mbili nzima, mpaka wakaafikiana wayazindue pamoja, na utepe ukatwe na mama aliyevusha watoto, ili asiukate hata mmoja wao.

Siku ya uzinduzi kulikuwa na viti, hema, maji ya chupa na hotuba mbili zilizofanana. Mwamvua alipewa mkasi mpya. Utepe mwekundu ulivutwa kukatiza kivuko, Injinia ameshika ncha moja, Diwani ncha nyingine. Diwani alikuwa amevaa suti na tai. Tai ilikuwa nyekundu.

Watu wakahesabu moja, mbili, tatu. Mwamvua akasogea mbele, akanyoosha mkono, akashika wekundu uliokuwa karibu naye, akakata.

Nusu ya tai ya Diwani Rafaeli ikaanguka chini.

Mihogoni yote ilicheka. Walidhani ni utani, wakadhani mama kalipiza kisasi cha barua zile, wakapiga vigelegele. Diwani mwenyewe alicheka, kwa kuwa kamera zilikuwepo. Mwamvua hakucheka. Alikuwa bado amenyoosha mkono, vidole vinapapasa hewani, kisha kifua cha Diwani, kisha tena hewani.

"Utepe uko wapi?" aliuliza.

Kicheko kikapungua kidogo kidogo. Mwalimu Devotha akamwendea, akampungia kiganja mbele ya uso. Macho ya Mwamvua hayakukifuata.

"Bibi," alisema Devotha. "Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mwaka jana. Yamezidi sana baada ya mvua."

"Na watoto?"

"Nilisikiliza."

Wazazi walikuwa wanatazamana. Mama mmoja alimvuta mwanawe karibu akamkumbatia, kama vile hatari iko mbele bado wala haijapita.

"Mbona hukusema?" aliuliza Mzee Kondo.

"Ningesema, mngeniondoa. Halafu angesimama nani?"

Shigela akapita katikati ya viti, akasimama mbele ya meza ya wageni. Hakupaza sauti, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akizungumza taratibu, kila mtu alimsikiliza.

"Huyu alikuwa haoni," alisema, "na alivusha watoto wenu mwaka mzima. Nyinyi mlikuwa mnaona."

Wageni wakainamia chupa zao za maji. Kisha Diwani, ambaye kimya kilimwumiza kuliko tai, alisema kwamba suala la macho, kimsingi, ni la idara ya afya, na kama halmashauri ingewaomba wenye barabara wachangie, kwa kuwa mama alikuwa akihudumu ndani ya eneo lao la mita thelathini…

"Kimsingi," alisema Injinia, "hakuwa na mkataba na sisi, kwa hiyo…"

Akaishia hapo. Alimwangalia Mwamvua, ambaye alikuwa ameligeuzia sikio, si uso, lori lililokuwa linateremka. Lori lilifika kwenye tuta la kwanza, likapunguza mwendo, likapanda, likashuka polepole. Watoto kumi na wawili walikuwa katikati ya kivuko, na hakuna aliyewashikia bendera. Injinia akaiacha ncha ya utepe, akaenda kufungua mlango wa gari lake.

"Panda, mama," alisema. "Twende Morogoro leo hii. Nani atalipa, tutagombania njiani."

Diwani akasita kidogo, kisha naye akaingia, akaketi nyuma. Mwamvua alipapasa mlango, akainua kanga yake isikanyagwe, akapanda.